Harufu ya Miguu Mezani: Vijidudu Vinavyolitia Jibini Ladha

Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha barua fupi iliyokutanisha vitu vitatu visivyozoeana: harufu ya binadamu, mbu wa malaria na jibini la Limburger. Mwandishi wake, Mholanzi Bart Knols, alikuwa mtafiti wa mbu aliyefanya kazi Ifakara, mkoani Morogoro. Yeye na mwenzake Ruurd de Jong walikuwa wamekwisha kuona, kwa majaribio ya maabara huko Wageningen, Uholanzi, kwamba Anopheles gambiae, mbu anayeogopwa kuliko wote kwa malaria barani Afrika, hamwumi mtu ovyo. Mtu akiwa ameketi, mbu huyo hushukia zaidi miguu na vifundo. Miguu ikioshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, shabaha yake hupotea, akaanza kuuma kwingineko.

Kumbe kilichokuwa kikimwita ni harufu ya bakteria wa ngozi ya mguu. Na kwa Mholanzi yeyote, harufu hiyo ina makao mengine yanayofahamika vyema: Limburger, jibini laini lenye ganda la rangi ya chungwa, lililoanzia katika eneo la kale la Limburg ambalo leo limegawanyika kati ya Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Watafiti wakalifanya chambo. Mbu wakaja. Mwaka 2006 wawili hao walipewa Ig Nobel, tuzo ya Marekani inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kicheko hicho kilizaa kazi ya maana. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walitoa matokeo ya chambo cha kutengenezwa, mchanganyiko wa kaboni dioksaidi, amonia na asidi za aina ile ile itokayo kwenye ngozi ya mtu. Chambo kikiwekwa kibanda kimoja na mtu akilala kibanda kingine, chambo kiliwavuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Mwaka uliofuata Niels Verhulst, naye wa Wageningen, na wenzake waliripoti jambo ambalo nitaomba msomaji aliweke akiba: wanaume waliowavutia mbu zaidi walikuwa na bakteria wengi kwenye ngozi lakini wa aina chache. Waliokuwa na aina nyingi zilizochanganyika waliwavutia kidogo.

Mguu na Limburger vinanuka sawa kwa sababu ya undugu. Ganda la jibini hilo limejaa Brevibacterium linens. Katikati ya vidole vya miguu anaishi ndugu yake, Brevibacterium epidermidis. Wote hula protini na mafuta, wakaacha gesi zenye salfa na asidi fupi fupi zinazokereketa pua. Kazi ni ile ile, wafanyakazi ni wa ukoo mmoja, ila mmoja amepata ajira kiatuni na mwingine ghalani.

Anayetaka kujua ladha ya jibini inatoka wapi anaweza kuanzia hapo, maana maziwa mabichi yenyewe hayana makuu mdomoni. Yana utamu hafifu wa laktosi, yana mafuta, basi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huweka mtaji. Ladha hutengenezwa na vijidudu, tena kwa zamu. Ni kama ujenzi wa nyumba: seremala haanzi kabla mwashi hajamaliza, na mpaka rangi huja baada ya wote, akikuta kuta alizoachiwa na wenzake.

Wa kwanza kuingia ni bakteria wa asidi laktiki. Lactococcus lactis hupenda joto la wastani; Streptococcus thermophilus na jamaa zake huvumilia sufuria la moto la majibini magumu ya milimani. Wote hula laktosi na kutoa asidi. Asidi hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hukaza maziwa, na huwafukuza wavamizi wengi wasioweza kuishi penye uchachu. Baadhi yao hugeuza pia sitrati ya maziwa kuwa diasetili, na hiyo ndiyo harufu ya siagi inayomjia mtu anapofungua chombo cha mtindi mzuri. Mtengenezaji naye huongeza kimeng'enya kutoka tumbo la nne la ndama, maziwa yanaganda kweli kweli, anayakata, anayachuja maji, anayakandamiza na kuyatia chumvi. Kwa jibini gumu, lita 10 hivi za maziwa huacha kilo moja. Gurudumu la Comté, jibini la milima ya Jura nchini Ufaransa, hula lita 400 hivi ili lifike kilo 40.

Mpaka hapo mlaji angeonja kitu chenye chumvi na uchachu, chenye kulialia kati ya meno, kisicho na kisa chochote. Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja huko ndiko kunakofanya jibini liwe ghali.

Ndani ya jibini lililowekwa ghalani, bakteria wa kwanza hufa kwa njaa na chumvi, miili yao ikapasuka. Vimeng'enya vilivyokuwa ndani yao humwagika na kuendelea na kazi wenyewe wakiwa wamekwisha kufa. Hukata protini ya maziwa kuwa vipande, vingine vichungu, kisha kuwa amino asidi, miongoni mwake glutamati, ile inayoupa mchuzi wa nyama ladha ya kushika ulimi. Mafuta hukatwa kuwa asidi. Ya mbuzi na kondoo ndiyo hutoa ule ukali ambao wengine huupenda na wengine huukimbia. Kadiri miezi inavyopita, vipande huungana na kuvunjika upya. Karanga, nanasi, supu, zizi, vitunguu vilivyokaangwa: yote hayo wataalamu wa kuonja huyataja wakiwa mbele ya kitu kilichotiwa maziwa, chumvi na kimeng'enya tu.

Matundu ya Emmental ya Uswisi yanastahili kituo kidogo. Hutengenezwa na Propionibacterium freudenreichii, bakteria anayekula asidi iliyoachwa na wenzake akatoa kaboni dioksaidi pamoja na asidi inayoleta utamu wa karanga. Hilo lilijulikana zamani. Lililosumbua ni kwamba kwa miaka kadhaa matundu yalikuwa yakipungua, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2015 watafiti wa Agroscope, taasisi ya kilimo ya serikali ya Uswisi, walitoa jibu: vumbi la majani makavu. Punje za nyasi zilizokuwa zikidondoka ndooni wakati wa kukamua zilikuwa vianzio ambapo gesi hukusanyika na kufanya tundu. Mashine za kukamua zilizofungwa kila upande ziliondoa vumbi, na matundu yakaondoka nalo. Sijui kama kuna mkulima aliyetaraji kuambiwa kwamba uchafu wa zizini ulikuwa sehemu ya mapishi.

Ganda la nje ni ulimwengu mwingine. Kuna hewa, kuna unyevu, kuna chumvi nyingi. Hamira na kuvu kama Geotrichum candidum hutangulia, zikala asidi ya juu na kuipoza. Ganda likishapungua ukali, bakteria wasiostahimili uchachu, Brevibacterium akiwemo, hupata nafasi. Gramu moja ya ganda huweza kubeba seli bilioni 10. Mtunza jibini huamua nani atawale kwa vitendo vya kawaida kabisa: akiliosha kwa maji ya chumvi kila baada ya siku chache, huwafurahisha wale wa rangi ya chungwa, akiliacha likauke, kuvu hushika. Huko Jura watunzaji hupitisha kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi yenye utelezi wa magurudumu ya zamani juu ya magurudumu mapya, wakipandikiza wakazi wa ghala kizazi baada ya kizazi, na magurudumu yenyewe hulala juu ya mbao za spruce, mti wa jamii ya msonobari.

Wengi huamini kwamba kila bonde la Ulaya lina vijidudu vyake vya pekee, na kwamba ladha ya jibini ni sahihi ya ardhi. Mwaka 2014 Benjamin Wolfe, Rachel Dutton na wenzao walichapisha katika jarida la Cell uchunguzi wa maganda ya majibini 137 kutoka nchi 10. Waliona kwamba kinachoamua nani anaishi kwenye ganda ni unyevu na namna lilivyotunzwa, kuliko umbali wa kijiografia. Majibini mawili yaliyooshwa kwa namna moja, moja la Ulaya na moja la Marekani, huweza kuwa na wakazi wanaofanana kuliko majirani wawili waliotunzwa tofauti. Walikuta hata bakteria wa jamii za baharini kwenye majibini ya bara, huenda waliletwa na chumvi ya bahari. Kwa maoni yangu habari hii haimnyimi mkulima heshima. Inamwongezea, maana inasema mkono wake una nguvu kuliko udongo anaousifu.

Mkono huo mara nyingi hushika mti. Katika milima ya Auvergne, katikati ya Ufaransa, watengenezaji wa jibini la Salers humimina maziwa mabichi, yangali na joto la ng'ombe, ndani ya pipa la mbao liitwalo gerle. Hawatii chachu yoyote. Chachu iko mtini: utando wa vijidudu uliojijenga kwenye mbao kwa kazi ya kila siku huingia ndani ya maziwa na kuyaanzisha. Mkaguzi wa afya aliyesomea kwenye chuma cha pua angeiona mbao hiyo na kupata homa.

Ndivyo ilivyotokea Marekani. Sista Noëlla Marcellino wa abasia ya Regina Laudis, jimbo la Connecticut, alifundishwa mwaka 1977 na mwanamke wa Auvergne kutengeneza jibini katika pipa la mbao. Mwaka 1985 jibini bovu la kiwandani huko California liliua watu kwa bakteria wa Listeria, na wakaguzi nchi nzima wakakaza kamba. Sista akaambiwa aache mbao, atumie chuma. Akatii, na bakteria wa E. coli wakaanza kuonekana kwenye jibini lake, jambo ambalo halikuwepo zamani. Basi akafanya jaribio: mbele ya wataalamu alitengeneza jibini katika vyombo viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha mbao, vyote vikiwa vimetiwa E. coli makusudi. Ndani ya jibini la chuma walidumu. Ndani ya jibini la mbao walikaribia kutoweka, kwa kuwa bakteria wa asidi laktiki waliokuwa tayari wamejaa mtini waliitengeneza asidi haraka na kuwabana wageni. Pipa likarudishwa. Mtawa huyo akaenda kusoma biolojia ya vijidudu, akakusanya Geotrichum candidum kutoka maghala ya Ufaransa, na mwaka 2003 akapata shahada ya udaktari.

Msomaji wa Bonde la Ufa hahitaji kwenda Auvergne kulielewa hilo. Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, huitwa sotet; hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, kisha humiminwa maziwa ambayo siku hizi mara nyingi yamechemshwa na kupozwa. Maziwa yaliyochemshwa hayana tena bakteria wake. Wanaoyagandisha hutoka kwa sehemu kubwa katika kibuyu chenyewe. Wamasai wana maziwa ya mgando yaitwayo kule naoto, na uchunguzi uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba humo hutawala bakteria wa ukoo wa Lactobacillus. Hatua ya kwanza ya jibini ndiyo hatua ya mwisho ya mursik. Penye joto, na penye maziwa yanayokamuliwa na kunywewa kila siku, hakuna sababu ya kuyachuja maji na kuyaficha pangoni miezi 12. Jibini la kuivishwa lilipofika kwetu lilipanda mahali pa baridi: Njombe, au vilima vya Masisi upande wa magharibi wa Goma, ambako mapadri wa Ulaya waliwafunza watu kutengeneza magurudumu ya mtindo wa Gouda, yakawa bidhaa ya kujivunia Kivu hata katika miaka ya vita.

Sitaki kuficha upande wa pili. Maziwa mabichi hubeba kifua kikuu na homa ya brusela, na kwa wafugaji wa Afrika Mashariki hayo si ya vitabuni. Vijidudu pia havitengenezi vinavyotufaa tu: mwaka 2013 watafiti walioupima mursik wa magharibi mwa Kenya waliukuta na kiwango kikubwa cha asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani, wakauliza kama inachangia wingi wa saratani ya koo katika eneo hilo. Ukongwe wa chakula si cheti cha usalama.

Ukongwe wenyewe, hata hivyo, ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Katika migodi ya chumvi ya Hallstatt, Austria, chumvi na baridi vilihifadhi hata vinyesi vya wachimbaji. Mwaka 2021 Frank Maixner na wenzake walitangaza kwamba mchimbaji mmoja wa miaka 2,700 hivi iliyopita alikuwa amekula kuvu ya Penicillium roqueforti na kunywa kinywaji cha hamira: kwa lugha nyepesi, jibini la buluu na bia.

Kuvu hiyo imebeba jina la kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon, kusini mwa Ufaransa, chini ya mlima wa Combalou, ambao nyufa zake hupitisha hewa baridi na nyevu mwaka mzima. Mwaka 1411 Mfalme Charles VI aliwapa wanakijiji haki ya pekee ya kuliivisha jibini hilo, na mwaka 1925 likawa jibini la kwanza la Ufaransa kulindwa kisheria kwa asili yake. Kimapokeo kuvu ilikuzwa kwenye mikate iliyoachwa ioze mapangoni, kisha unga wake ukatiwa katika jibini la maziwa ya kondoo. Hukata mafuta na kuyageuza kuwa ketoni, na hizo ndizo huleta harufu kali ya buluu inayopanda puani kabla ulimi haujasema neno. Kwa sababu sheria ya Roquefort hudai mbegu za mahali pale, kuvu ya kijiji hicho imebaki na aina nyingi kiasi. Majibini mengi mengine ya buluu duniani hutumia ukoo mmoja tu unaozalishwa kwa kunakiliwa.

Sasa tukumbuke wale wanaume wa Wageningen, wenye bakteria wa aina nyingi na wenye aina chache. Camembert la Normandie ni mfano wa uchache uliopita kiasi. Ganda lake la leo ni jeupe kama shuka jipya, na wengi huamini ndivyo lilivyozaliwa. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa la kijivu, la kijani, wakati mwingine lenye madoa ya rangi ya chungwa, kwa sababu kuvu kadhaa zilijipandia zenyewe. Ndipo ilipochaguliwa kuvu moja nyeupe, inayokua haraka, isiyo na harufu ya kuudhi: Penicillium camemberti. Viwanda vilipenda, wanunuzi walipenda, kadiri karne ilivyosonga weupe ukatawala.

Mbegu hiyo imekuwa ikinakiliwa bila kupandishwa tangu wakati huo. Hakuna kujamiiana, hakuna damu mpya; kasoro za kurithi hujilimbikiza tu. Mwaka 2020 Jeanne Ropars, Tatiana Giraud na wenzao wa Ufaransa walionyesha jinsi kuvu hiyo ilivyopungukiwa na aina, na mwaka 2024 kituo cha taifa cha utafiti, CNRS, kikatoa onyo kwamba inazidi kushindwa kutoa chembe za uzazi, hata maabara zinazowauzia watengenezaji mbegu zinapata taabu. Jibini lililoshinda kwa weupe limekaribia kukosa mzazi.

Haimaanishi kuwa ufugaji wa kuvu ni jambo gumu. Maabara ya Wolfe, Chuo Kikuu cha Tufts, ilichukua kuvu za mwitu zenye rangi ya kijani na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ikazikuza tena na tena juu ya chakula cha jibini. Katika wiki chache baadhi ziligeuka nyeupe, na harufu yake ikaelekea ya Camembert. Pengine ndivyo mababu wa kuvu hii walivyofugika, bila mtu kukusudia.

Na kwenye Alpi, katika eneo la Termignon, wapo watengenezaji wachache ambao hawanunui mbegu yoyote. Buluu huja yenyewe katika jibini lao. Watafiti walipoipima waliona ni kundi la Penicillium roqueforti ambalo halikujulikana, tofauti na yote ya viwandani. Kwa majibini ya buluu, hiyo ni akiba halisi ya damu mpya.

Camembert halina akiba ya namna hiyo ndani ya ukoo wake, kwa maana mbegu zote zinazotumika ni za jinsia moja. Lina ndugu wa karibu, Penicillium biforme, ambaye bado hupatikana kwenye majibini ya maziwa mabichi, ana aina nyingi na ana jinsia zote mbili. Wanasayansi wanashauri atumike, au apandishwe na kuvu ile nyeupe. Watoto hawatafanana: baadhi watakuwa wa kijivu, baadhi wa kijani, baadhi wakali zaidi mdomoni. Kazi ngumu iliyobaki ni ya dukani, kumfanya mnunuzi aliyefundishwa kwa karne nzima kuamini kwamba weupe ndio usafi anyooshe mkono na kuchukua lile lenye madoa.